Madoa ya buluu kwenye mbao za paini: si kuoza, lakini yanakula faida

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mbao za paini zinaposhushwa Bujumbura zikiwa na michirizi ya buluu au ya kijivu, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni moja: je, zimeoza? Muuzaji husema hapana, mnunuzi haamini, na dereva aliyezileta hujikuta katikati. Mara nyingi mabishano huisha kwa bei kupunguzwa, na kila mmoja huondoka akihisi amedhulumiwa.

Jambo hili lina maelezo ya kitaalamu, na maelezo hayo yana thamani ya fedha. Madoa hayo husababishwa na aina za kuvu (fangasi) ambazo nyingi huletwa kwenye gogo na mbawakawa wadogo wanaoishi chini ya magome. Mfanyabiashara anayeelewa kuvu hao wanavyoingia, wanavyokua na kinachowazuia anaweza kuokoa sehemu kubwa ya hasara. Asiyeelewa ataendelea kulipia maji na madoa kutoka msituni hadi sokoni.

MBAWAKAWA NA ABIRIA WAKE

Mbawakawa wa magome ni mdudu mdogo, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita chache tu, rangi ya kahawia au nyeusi. Hawatafuni ubao mkavu kama wafanyavyo bungua wa samani. Wanachotafuta ni mti uliodhoofika, ulioungua, au gogo lililokatwa karibuni na bado lina magome yake. Harufu ya utomvu wa mti uliokatwa husafiri hewani, nao huifuata.

Wakifika hutoboa gome, huchimba njia kati ya gome na mti, na jike hutaga mayai humo. Funza wakianguliwa huendelea kuchimba njia zao. Ukibandua gome la gogo kama hilo utaona michoro kama ya mizizi au vidole. Hiyo ndiyo alama yao.

Mbawakawa hawaji peke yao. Mwilini mwao wamebeba mbegu za kuvu, ambazo ni ndogo mno na zinanata. Baadhi ya jamii za mbawakawa wana hata vifuko maalumu mwilini vya kubebea kuvu hao. Kuvu nao wamejipanga kwa safari: ndani ya njia za mdudu huota vichupa vidogo vyenye shingo ndefu, na juu ya shingo hukaa tone la mbegu zinazonata. Mdudu akipita, mbegu humshika, naye huzipeleka kwenye gogo linalofuata. Wataalamu huwaweka wengi wa kuvu hao katika kundi la Ophiostoma na jamaa zake.

Kwa lugha ya wasafirishaji, mdudu ni gari, kuvu ni shehena, na gome ni stoo. Ukiondoa gome mapema, umefunga stoo.

Hata hivyo si kila doa limeletwa na mdudu. Kuvu wengine wa aina hii hupeperushwa na upepo, hurushwa na matone ya mvua, au huhamishwa na msumeno kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo hata ubao usio na tundu moja la mdudu unaweza kupiga buluu ukiachwa na unyevu.

KWA NINI RANGI YA BULUU?

Kuvu hao hula sukari, wanga na mafuta yaliyobaki ndani ya chembe hai za mti. Hukaa katika sehemu nyeupe ya nje ya gogo, kwa sababu humo ndimo chakula kilimo. Kiini cha katikati hakina chakula hicho, ndiyo maana kwa kawaida hakipati madoa. Ukitazama kichwa cha gogo lililoathirika utaona doa lenye umbo la kabari, pana upande wa nje na jembamba kuelekea ndani.

Nyuzi za kuvu zenyewe zina rangi nyeusi au kahawia. Zikiwa ndani ya ubao mweupe, mwanga unavyopita hulifanya jicho lione buluu au kijivu. Kwa kuwa rangi imo ndani, kupiga randa hakuiondoi, wala kuanika juani baada ya doa kuingia.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa na kuoza. Kuvu wa kuozesha hula mwili wenyewe wa ubao, yaani kile kinachoupa nguvu. Kuvu wa buluu hula akiba ya chakula na kuuacha mwili wa ubao karibu kama ulivyokuwa. Vipimo vilivyofanywa katika nchi zinazouza mbao nyingi vimeonyesha kwamba uwezo wa ubao wa buluu kubeba mzigo haupungui kwa kiasi cha kuhangaisha fundi wa paa. Kinachopungua kidogo ni uwezo wa kuhimili pigo la ghafla. Kwa hiyo ubao huo haufai kwa ngazi wala mpini wa nyundo.

Kasoro nyingine ni kwamba ubao wa buluu hunywa maji na rangi haraka kuliko mweupe. Ukiwekwa nje bila kinga hulowa upesi, na ukilowa unawakaribisha kuvu wa kuozesha. Pia hali inayoleta madoa, yaani unyevu na joto, ndiyo hiyo hiyo inayoleta kuoza. Doa la buluu si kuoza, lakini ni dalili kwamba ubao ulikaa mbichi kwa muda mrefu.

NAMNA YA KUTOFAUTISHA SOKONI

Mnunuzi na muuzaji wanaweza kumaliza ubishi kwa dakika chache wakifanya haya:

1. Piga brashi au futa kwa kitambaa. Kikitoka ni ukungu wa juu tu. Kisipotoka na kipo katika sehemu nyeupe ya ubao, huenda ni doa la buluu.

2. Ingiza ncha ya kisu na uinue kibanzi. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Ubao uliooza huvunjika vipande vifupi, au kisu huzama bila kazi.

3. Tazama kichwa cha ubao au gogo. Doa la umbo la kabari linaloishia kwenye kiini ni la buluu. Mabaka laini, meupe au ya kahawia yanayosambaa hovyo ni ya kutiliwa shaka.

4. Tafuta gome, matundu na unga mbichi wa mbao. Unga unaoendelea kudondoka maana yake mdudu bado yu hai, na hilo ni suala jingine, la mpakani.

SAA INAANZA KUHESABU MSITUNI

Mti uliosimama wenye afya una maji mengi mno na hewa kidogo ndani yake, na kuvu hawapendi hali hiyo. Gogo lililozamishwa majini nalo halipigi buluu, kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa hewa. Kwa upande mwingine, ubao ulioshuka chini ya asilimia 20 ya unyevu ni mkavu mno kwao. Hatari iko katikati, pale gogo linapokuwa limeanza kupoteza maji lakini bado ni bichi. Joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi ndilo wanalolipenda zaidi, na humo madoa yanaweza kuanza ndani ya siku chache hadi wiki mbili tangu mti ukatwe.

Sasa tazama njia za mbao katika ukanda wetu. Paini hustawi penye baridi: nyanda za juu za Burundi kwenye mgongo wa Kongo na Nili, na kusini mwa Tanzania katika Wilaya ya Mufindi lilipo shamba la miti la serikali la Sao Hill. Aina inayopandwa kwa wingi ni Pinus patula. Soko la Bujumbura liko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa karibu meta 800 tu, penye joto na unyevu wa ziwa. Kwa maneno mengine, mbao hutoka penye baridi na kushuka kuelekea joto lile kuvu wanalolipenda.

Anayetoa mbao kusini mwa Tanzania huzipeleka kwa barabara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, au huzifikisha Kigoma na kuzivusha kwa meli hadi bandari ya Bujumbura. Kila kituo kina foleni yake: kusubiri gari, mizani, hati, meli. Mbao mbichi zilizobanwa bila nafasi na kufunikwa turubai kwa siku zote hizo zimewekwa katika chumba cha kuoteshea ukungu.

Msimu nao una neno. Burundi hupata mvua kuanzia karibu Oktoba hadi Mei, na kiangazi kikavu ni Juni hadi Septemba. Mbao zilizopasuliwa katika kiangazi hukauka kwa kasi kuliko kuvu wanavyoweza kukua. Zilizopasuliwa Machi au Aprili zinahitaji uangalizi mara mbili.

HESABU YA MAJI NDANI YA LORI

Wengi hudhani kukausha ni gharama. Hebu tufanye hesabu.

Meta moja ya ujazo ya paini mbichi inaweza kuwa na uzito wa kilo 900 hivi. Ikishakauka vizuri hubaki karibu kilo 480. Tofauti yote ni maji.

Tuchukue mfano wa lori linalobeba tani 28 za shehena, na tuseme safari nzima inagharimu dola 2,800 za Marekani (ni kiasi cha mfano tu, msomaji aweke chake). Kwa mbao mbichi lori hilo litafikia kikomo cha uzito likiwa na meta za ujazo 31. Kwa mbao kavu linaweza kuchukua hadi 58, ikiwa bodi lina nafasi. Gharama ya kusafirisha meta moja ya ujazo ni dola 90 kwa mbichi na dola 48 kwa kavu. Mwenye mbao mbichi amelipa nauli ya maji, kisha maji hayo hayo yakamletea madoa.

Kuongeza mzigo ili kufidia hakusaidii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na adhabu ya mizani huondoa faida yote.

NANI ANABEBA HASARA?

Hili ndilo eneo lenye ugomvi mwingi, na wasafirishaji wanapaswa kulisoma kwa makini.

Masharti ya bima ya shehena yanayotumika sana duniani, yale yenye asili ya London, huondoa hasara inayotokana na tabia ya bidhaa yenyewe, na pia hasara inayotokana na kuchelewa. Mbao mbichi kupiga buluu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu inaweza kuangukia katika mambo yote mawili. Kwa hiyo mwenye mali asidhani kwamba kwa kuwa amekata bima basi madoa yatalipwa. Asome mkataba wake, na aulize kabla ya kulipa.

Msafirishaji naye akipokea mbao bila kuandika chochote kwenye hati ya usafirishaji, amekubali kwamba alizipokea zikiwa safi. Zikifika na madoa, mzigo wa kueleza ni wake. Dawa ni rahisi: kabla ya kufunga turubai, aandike kama mbao ni mbichi au kavu, kama zina madoa au magome, na apige picha vichwa vya mbao akiwa pamoja na muuzaji. Kazi hiyo ya robo saa inaweza kumwepusha na kesi ya miezi.

Muuzaji na mnunuzi nao waandike daraja la mbao katika mkataba. Maneno "mbao nzuri za paini" hayamsaidii mtu. Afadhali kuandika kiwango cha unyevu kinachokubalika, kiasi cha doa kinachoruhusiwa, na punguzo la bei likizidi.

MPAKANI: TATIZO NI MDUDU HAI

Kwa wakaguzi wa afya ya mimea, doa lenyewe si kosa kubwa. Wanachoogopa ni mdudu hai na gome linalomficha, kwa sababu historia imewafundisha.

Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960, magogo yenye magome kutoka Amerika Kaskazini yaliingiza aina kali ya kuvu wa miti ya elm, wanaosambazwa na mbawakawa wa magome. Miti zaidi ya milioni 25 ilikufa katika miongo iliyofuata. Huko China mbawakawa wa paini kutoka Amerika Kaskazini aligunduliwa katika jimbo la Shanxi mwaka 1998, akiwa na kuvu wake, na akaua mamilioni ya miti. Afrika Kusini ina mbawakawa watatu wa magome ya paini wenye asili ya Ulaya na eneo la Mediterania, mmoja wao, Orthotomicus erosus, akiwa ameonekana huko mwaka 1968. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wamewachunguza na kukuta wamebeba kuvu wa aina nyingi wa madoa.

Ukanda wetu wenyewe umeonja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kuvu wa majani wa Dothistroma waliingia katika mashamba ya Afrika Mashariki, na upandaji wa paini aina ya Pinus radiata ukalazimika kuachwa. Mwaka 1986 mdudu mafuta wa mivinje alionekana Malawi. Kufikia 1990 alikuwa Kenya, na Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda zote zikapata madhara. Wadudu hao hawakusimama Kobero kugonga muhuri.

Msitu wa paini huchukua miaka 20 na zaidi kufikia kuvunwa. Mfanyabiashara wa leo anayevusha magogo yenye magome anacheza na mbao za kuuzwa na mwanawe.

PALETI NA MBAO ZA KUEGEMEZEA MZIGO

Hata asiyeuza mbao anaguswa. Anayesafirisha chai, kahawa au bidhaa za kiwandani nje ya nchi hutumia paleti, makasha na vipande vya mbao vya kuzuia mzigo usicheze ndani ya kontena. Vyote hivyo viko chini ya kanuni ya kimataifa ijulikanayo kama ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002.

Njia inayotumika zaidi ni joto: ubao upashwe hadi sehemu yake ya ndani kabisa ifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Kisha hugongwa muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi IPPC, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji, na herufi za njia iliyotumika. HT ni joto na MB ni moshi wa methili bromaidi. Tangu marekebisho ya 2009, mabaki ya gome yanaruhusiwa kama yana upana usiozidi sentimeta 3, au kama ni mapana zaidi basi eneo la kila kipande lisifikie sentimeta 50 za mraba.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, joto huua mdudu na kuvu lakini haliondoi rangi. Paleti ya buluu yenye muhuri halali inakubalika. Pili, paleti nyeupe inayong'aa isiyo na muhuri inaweza kuzuiwa bandarini, na gharama ya kontena kukaa ni ya mwenye mzigo.

Kwa mbao zenyewe, anayevusha mpaka awe na cheti cha usafi wa mimea kutoka nchi zinakotoka. Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na Kenya na KEPHIS. Mbao za Tanzania zinahitaji pia kibali cha kusafirishia mazao ya misitu cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Upande wa Burundi, ulizia mahitaji ya uagizaji kwa wizara inayohusika na kilimo na mazingira kabla ya kupakia.

YA KUFANYA

Njia za kuzuia madoa ni za kawaida, na nyingi hazihitaji mashine ya bei kubwa:

- Pasua magogo upesi. Gogo lisikae msituni na magome yake kwa wiki nzima. Likibidi kukaa, libanduliwe gome.

- Panga mbao siku ile ile zinapopasuliwa. Ziinuliwe nusu meta kutoka ardhini, na kati ya safu na safu kuwe na vijiti vikavu vya unene wa milimita 20 hadi 25 ili hewa ipite. Juu ziwe na paa, kando ziwe wazi.

- Kama dawa ya kuchovya inatumika, ichovywe ndani ya saa 24 tangu kupasua. Jihadhari na dawa za zamani: pentaklorofenoli na chumvi zake, zilizotumika sana kwa kazi hii, ziliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali za kuondolewa.

- Pima unyevu. Asiye na kipimo akate kipande kidogo, akipime uzito, akikaushe ndani ya oveni hadi uzito usipungue tena, kisha apime upya. Kikitoka gramu 130 hadi 100, unyevu ulikuwa asilimia 30, na mbao hizo bado si za kufungiwa turubai kwa safari ndefu.

- Njiani, acha hewa ipite. Turubai ni la mvua, si la kufungia mbao mbichi usiku na mchana. Lori likisimama siku nzima penye jua, funua pembeni.

MBAO ZA BULUU ZINA SOKO LAKE

Mwisho, mbao zikishapiga buluu si za kutupwa. Mkoa wa British Columbia nchini Kanada ulipata mlipuko wa mbawakawa wa paini ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kugusa hekta milioni 18 hivi za misitu. Wakiwa na milima ya mbao za buluu, wafanyabiashara wa huko waliziuza kwa ujenzi wa fremu za nyumba, na nyingine wakazitengenezea samani na kuzipa jina la denim, kama kitambaa cha jinzi. Kilichowawezesha ni vipimo vya nguvu walivyoweza kumwonyesha mnunuzi.

Bujumbura nako kuna kazi nyingi zisizohitaji ubao mweupe: kenchi na papi zinazofichwa na dari, mbao za kumwagia zege, makasha, paleti. Muuzaji mwenye akili hutenganisha mbao zake mapema, nyeupe kwa maseremala na za buluu kwa wajenzi, na huiambia kila pande ukweli. Anayezichanganya akitumaini mnunuzi hataona, atakuja kulipwa bei ya buluu kwa mzigo wote.